Baba karudi na mpira puani, na kaka zangu wanasema nimempuuza

Assalamu alaykum Mama,

Shikamoo. Nakuandikia saa tisa za usiku. Baba amelala, ndio kwanza nimemaliza kumgeuza. Sina mtu wa kumwambia haya bila ya kuambiwa "subiri mwanangu, hizo ndizo radhi", kwa hivyo nimeona nikwambie wewe.

Sie tuko Pemba, upande wa Micheweni. Baba ana miaka 72 na mpaka msimu uliopita alikuwa akipanda mkarafuu mwenyewe. Miezi miwili nyuma alitoka msikitini alfajiri, akakaa barazani avue viatu. Akavua kimoja. Cha pili hakukivua tena. Mkono ulikataa na mdomo ukaenda upande. Tukamkimbiza hospitali, wakasema presha ilipanda na amepata kiharusi cha upande wa kulia. Tulilazwa siku 11. Nasema tulilazwa kwa kuwa na mie nililala chini ya kitanda chake, juu ya mkeka, siku zote hizo.

Ijumaa moja, karibu na adhuhuri, dakta akapita akasema mzee ameruhusiwa. Nikafurahi. Muuguzi akanipa mfuko wa dawa, karatasi, na bomba kubwa la sindano la kumlishia kwa ule mpira wa puani unaoshuka mpaka tumboni, akanambia: "Mpe uji kwa mpira, mgeuzegeuze, mrudi baada ya miezi miwili." Hata hajamaliza, ameshaitwa kitanda chengine, na gari tuliyoikodi inapiga honi nje. Simlaumu, wodi ilikuwa imejaa. Lakini mie ni mkulima wa mwani, Mama. Kugeuzageuza ni mara ngapi? Uji uwe mwepesi kiasi gani? Mpira ukitoka nifanyeje? Mambo haya yalinijia tukiwa tumeshafika nyumbani, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Nyumbani tuko mie, mama ambaye magoti hayamwezi, na wanangu wawili wa skuli. Mume wangu anafanya kazi Unguja, huja mara moja kwa mwezi. Kaka zangu ni wawili. Mkubwa ana duka Unguja, wa pili yuko Maskati. Pesa wanatuma, sitaki kusema uongo.

Siku ya tisa nikimsafisha baba nikaona pale juu ya matako, kwenye mfupa, ngozi imekuwa nyeusi zaidi. Nikadhani ni alama ya godoro. Siku tatu baadaye ngozi ikachunika. Leo ni kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, kina maji, na kimeanza kunuka. Jirani akanambia nitie spiriti. Nikatia mara moja, baba akapiga kelele. Ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia kwake tangu augue.

Nikawatumia kaka zangu picha. Wa Maskati akanijibu kwa sauti: "Sie tunatuma pesa kila mwezi, kazi yako wewe ni kumtizama tu, na hilo nalo limekushinda? Umempuuza baba." Kaka mkubwa hakujibu kitu, na kunyamaza kwake kumeniuma zaidi.

Liko jambo naona haya hata kuliandika. Mie mtoto wa kike ndiye ninayemsafisha baba haja zake. Mama alikuwa akifanya, sasa hawezi kuinama. Siku za mwanzo baba alikuwa akigeuza uso ukutani. Siku hizi hufumba macho tu, mpaka nimalize. Sijui kama napata thawabu au naingia katika dhambi.

Na wiki iliyopita, usiku wa manane, shuka la tatu, nilimpigia kelele. Nikamwambia, "Baba, si ungengoja nimalize!" Kama kwamba yeye ndiye anayeamua. Akalia. Tangu usiku ule kila nikiingia chumbani analia. Nimemuomba radhi mara zisizo idadi.

Mara mbili maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali, yamepita sijashuka pwani. Kamba zangu za mwani nyengine zimeng'oka, nyengine wenzangu wamenivunia walichoweza. Mgongo unaniuma mpaka kurukuu ni tabu. Wageni wa kumkagua mgonjwa wanakuja kila siku, na kila mgeni ni birika la chai.

Nambie ukweli, Mama. Nimempuuza baba? Kidonda hiki nikifanyeje? Na kaka zangu niseme nao vipi bila ya kuvunja undugu?

Mtoto wa kike, Pemba

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Hukumpuuza baba yako. Nalitanguliza hili ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetua.

Nimefanya kazi ya uuguzi wodini miaka mingi kabla ya kustaafu, kisha nikamuuguza mama yangu mzazi nyumbani kwa miaka miwili, naye kwa kiharusi. Kazi hizo mbili si moja. Wodini mgonjwa mmoja ana watu wa zamu tatu. Wa asubuhi akichoka huingia wa jioni, wa jioni humpokea wa usiku, na kila mmoja akitoka anakwenda kwao kulala. Wewe umepewa zamu zote tatu, kila siku, na hukufundishwa hata moja. Kidonda kimetoka hapo, hakikutoka kwenye mapenzi yako.

Na nikwambie jambo jengine kwa haki. Mimi mwenyewe nimewaruhusu wagonjwa namna ile ile uliyoieleza. Karatasi mkononi, maneno matatu, kitanda chengine kinaniita. Nilidhani watu wa nyumbani wanajua. Mpaka usiku wa kwanza nilipobaki peke yangu na mama yangu, mimi na cheti changu cha uuguzi, nikasimama mbele ya kitanda sijui nianze kumshika wapi. Tangu siku hiyo nimeona kwamba mgonjwa mzito asitoke hospitali mpaka anayekwenda kumuuguza amefanya kwa mikono yake, mbele ya muuguzi, yale atakayoyafanya nyumbani. Kuambiwa hakutoshi. Unaambiwa ukiwa umechoka, una furaha ya kurudi kwenu, na gari inapiga honi, utakumbuka nini?

Kwa hivyo usingoje ile miezi miwili iliyoandikwa kwenye karatasi. Kidonda kinachonuka hakingoji. Mrudisheni hospitali kesho, na ukifika sema hivi: "Nimekuja kidonda kitizamwe, na nimekuja kufundishwa." Muuguzi akukoshee kidonda nawe ukitizama, kisha ufunge wewe naye akitizama. Vivyo hivyo kulisha kwa mpira, vivyo hivyo kumgeuza. Andika maswali yako yote kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani, na uondoke pale umeshajua mtu wa kumuuliza ukikwama. Usione kwamba unaomba hisani. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya tiba shufaa, yaani matunzo ya wenye maradhi mazito, na familia inayouguza imo ndani ya azimio hilo kama watu wa kusaidiwa. Wewe nawe ni sehemu ya tiba ya baba yako.

Mpaka ufike huko, spiriti usirudie tena. Inaunguza nyama mpya inayojaribu kuota. Usitie majivu, wala unga wa vidonge. Chemsha maji, yaache yapoe, kila nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, osha kwa hayo taratibu na ufunike kwa chachi safi. Basi.

Sasa godoro. Hukuniandikia analalia nini, lakini naijua Pemba, na nadhani ni godoro la sufi. Godoro la sufi likikaa hufanya bonde katikati na mabonge pembeni, na mtu asiyejigeuza huzama pale pale kwenye mfupa wa mkia. Uzito wote unakuwa mahali pamoja, damu haipiti, ngozi inakufa kutoka ndani kabla hujaiona nje. Pesa ya kwanza itakayotoka Maskati mwezi huu iwe ya godoro la sponji gumu, la inchi sita au nane. Na kama kuna mtu amekufundisha kuviringisha khanga mfano wa kata ya kichwani na kumwekea chini ya matako, iondoe leo. Wengi wetu tumefanya hivyo kwa nia njema. Ile duara hubana damu pembeni mwa kidonda na kukikuza.

Mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kwa kuwa kidonda kiko nyuma, mpokezanishe ubavu wa kulia na wa kushoto, chali umwepushe nayo kadiri iwezekanavyo. Asilale ubavu mtupu, maana hapo mfupa wa nyonga nao utatoboka. Mwegemeze kidogo tu, mto nyuma ya mgongo, kama dau lililokaa upande maji yakiwa yametoka. Mto mwengine kati ya magoti, na mwengine chini ya vigimbi ili visigino vielee hewani bila ya kugusa godoro. Visigino ndivyo vinavyofuata kutoboka, na watu huviona vimeshachelewa.

Usimburure. Kunja shuka mara mbili, litandike chini yake kuanzia mabegani mpaka mapajani, na kila akitaka kusogezwa watu wawili washike shuka hilo, huku na huku, wamnyanyue kwa pamoja. Ukiwa peke yako simama upande unaotaka ageukie, mkunje goti la mbali, mkono mmoja mshike begani, mwengine nyongani, umvute aje kwako. Magoti yako ndiyo yakunjike, mgongo ubaki umenyooka. Mgongo wako unauma kwa sababu unainamia kazi inayotaka kukunjiwa magoti. Na ule mkono wake uliopooza usiuvute kabisa, wala mtu asimnyanyue kwa kwapa. Bega lisilo na nguvu hutoka mahali pake kwa urahisi, na maumivu yake hayasemeki.

Kila unapomgeuza tizama ngozi. Kwenye vitabu wameandika utaona wekundu. Ngozi zetu nyeusi hazioneshi wekundu, ndiyo maana ulidhani ni alama ya godoro, na hata mimi wodini imenipita. Tumia mgongo wa mkono wako. Mahali penye joto kuliko pembeni, au pagumu, au palipoiva weusi usiopungua ukimgeuza, pameshaanza. Hapo pasilaliwe tena mpaka patulie, na usipasugue.

Mpira wa puani nitausema kwa ufupi kwa sababu hilo ni la kuoneshwa kwa macho. Uwe na alama ya kalamu pale unapoingia puani. Alama ikisogea nje, usitie hata tone, wala usiusukume ndani mwenyewe. Mpira uliohama unaweza kumwaga uji kwenye mapafu. Mnyanyue kifua na kichwa anapolishwa, na akae hivyo nusu saa baadaye. Akikohoa katikati, simama. Sukuma maji safi kidogo kabla na baada ya uji, ili mpira usizibe. Uji uchujwe kwa kitambaa, na usiwe uji mtupu wa siku zote, kwani kidonda hakipandi kwa wanga peke yake. Kinataka maziwa, yai lililoiva likasagwa likachujwa, mchuzi wa samaki. Muulize dakta kama sukari yake iko sawa kabla hujaongeza vitu vitamu. Na muulize jambo ambalo huenda hakuna aliyekwambia: lini atapimwa kumeza? Wagonjwa wengi wa kiharusi hurejea kumeza ndani ya wiki chache. Mpira ule si wa maisha mpaka wapime wathibitishe. Lakini wewe usimjaribu kwa kijiko kabla ya kupimwa. Pamoja na hilo, ulizia mazoezi ya viungo. Miezi hii mitatu ya mwanzo ndiyo mwili unaporudisha zaidi, na miwili imeshakwenda.

Dawa za presha asikose hata siku moja, hata mkimpima mkaiona imeshuka. Imeshuka kwa sababu anazinywa. Homa, pumzi za haraka zenye mkoromo, kidonda cheusi au chenye usaha, mguu mmoja uliovimba, usingizi usioamshika, mkojo uliokatika: lolote katika hayo ni safari ya hospitali saa ile ile, hata iwe usiku.

Nije kwenye machozi yake, maana nimeona ndiyo yanayokukatisha usingizi.

Kiharusi kinaweza kugusa pale ubongoni panapozuia kulia na kucheka. Mgonjwa akasikia mlango, akaona uso anaoupenda, machozi yakamtoka bila ya huzuni ya kiasi hicho. Mama yangu alikuwa akilia kila nikimletea maji. Nilikaa wiki nzima nikijiuliza nimemkosea nini. Sisemi kwamba baba yako hana majonzi. Anayo, alikuwa mtu wa kupanda mkarafuu. Ila usiyahesabu machozi yote kuwa ni ya ule usiku wa shuka la tatu. Neno ulilosema ni la mtu ambaye hajalala, na umeshaomba radhi. Kumbuka pia kwamba kukosa kusema si kukosa kusikia. Mshike ule mkono wake usiopooza umwambie, "Baba, ukiniminya mara moja ndiyo, mara mbili siyo." Kisha muulize mambo madogo. Una kiu? Nifungue dirisha? Umenisamehe? Utalijua jibu lake kwa mkono wake mwenyewe.

Kuhusu kumsafisha. Mimi si sheikhe, na kwa hukumu yake nenda kwa imamu wa msikiti wenu. Nina hakika hatakutisha, mgonjwa asiye na wa kumsafisha ana dharura yake. Nitakwambia la uuguzi. Vaa glavu, mfunike khanga kuanzia kifuani mpaka magotini, na mkono ufanye kazi chini ya khanga bila ya kumfunua. Mwambie kabla hujamgusa: "Baba, naanza sasa." Zungumza naye mambo mengine, bei ya karafuu, nani kaoa, mpaka umalize. Aibu ya mgonjwa hupungua akiwa bado anatendewa kama mtu mzima. Na kila ukimaliza, mtayarishe kwa sala. Mgonjwa husali kwa hali aliyonayo, hata kwa ishara ya macho. Muombe imamu huyo huyo aje amwambie baba kwa mdomo wake namna ya kutayamamu na kusali kitandani. Huenda tangu alfajiri ile ya barazani hakuna mtu aliyemuuliza kuhusu sala yake, na kwa mzee wa Micheweni hilo ni jeraha jengine.

Lakini mwanangu, utupu wa baba ni kazi ya watoto wake wa kiume kabla ya kuwa yako. Hapa ndipo ninapokasirika. Wana wawili wazima wapo, na baba amefumba macho mbele ya binti yake kila siku. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Aliye mbali anauona mwepesi, hata akashangaa kwamba umekushinda. Kaka yako wa Maskati hajui uzito wa alichokisema. Simtetei. Ila hajui, na atajua pale tu atakapoinua upande mmoja wa lile shuka.

Usijibizane naye kwa sauti za simu. Sauti za usiku husikilizwa asubuhi zikiwa zimechacha. Waite wote wawili kwa simu moja, akiwepo ami au mjomba anayeheshimiwa, mama awepo, na uyasome haya kwa utulivu:

"Kaka zangu, baba anageuzwa mara 12 kwa siku na usiku wake. Analishwa kwa mpira mara tano au sita. Anasafishwa, anafuliwa, anapewa dawa. Nimefanya peke yangu miezi miwili na sikufundishwa. Kidonda kimetoka. Siwezi tena zamu zote. Pesa yenu naishukuru, lakini pesa haimgeuzi mtu saa nane za usiku. Nawaomba tugawane zamu."

Kisha nyamaza. Waache wao ndio waseme.

Zamu zenyewe nakupangia hivi, kwa sababu naona una saa nzuri zaidi kuliko ya ukutani. Maji ya bamvua yanakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo kaka wa Unguja apande boti aje Pemba. Duka lina mtu wa kulishikilia, ama lifungwe. Akishindwa mara mbili, aje mara moja na mume wako apange likizo yake ya kila mwezi iangukie bamvua la pili. Baba mkwe ni baba. Usiku wa kwanza mfundishe, wa pili lala chumba chengine na mlango uufunge. Asubuhi shuka pwani ukafunge kamba zako. Mwani ndio riziki yako na ndiko waliko wenzako. Nimeona wanawake wengi wanaouguza wakipoteza vyote viwili na kubaki na ukuta. Kaka wa Maskati, ambaye hawezi kuja, alipe mtu wa hapo kijijini wa kukupokea kwa muda wa saa nne kila siku, na alipe godoro, glavu, pampasi za wakubwa na chachi. Malipo hayo yawe mbali na pesa ya chakula, aone yanakwenda wapi. Na kila siku baada ya magharibi ampigie baba simu, iwekwe sikioni mwake, amsomee au amsimulie. Kumsikilizisha baba sauti ya mwanawe ni uuguzi pia.

Wageni nao wapewe kazi. Najua kwetu ni aibu mgeni kuondoka bila ya chai. Sasa acha mama atangaze barazani: mwenye kuja kumkagua mzee aje baada ya alasiri, chai hakuna mpaka mzee apone, na anayependa kusaidia akae naye saa moja binti yangu alale, au aje afue. Atakayechukia hakuja kwa ajili ya mgonjwa. Jirani wa spiriti ndiye wa kwanza kumwomba. Moyo wa kusaidia anao, anachokosa ni kuoneshwa, kama ulivyokosa wewe.

Sheha wenu afahamishwe hali hii. Akuunganishe na wahudumu wa afya ya jamii walioko katika shehia, mmoja awe anapita kutizama kidonda baina ya safari za hospitali. Na baba ameshapindukia miaka 70, kwa hivyo Pensheni Jamii, ile ya wazee iliyoanza Zanzibar mwaka 2016, ni haki yake. Kama hajaandikwa aandikwe, na kama ameandikwa, uliza ipokewe vipi ikiwa mwenyewe hawezi kutoka kitandani.

Ukiwa hospitali kesho na wewe pimwa presha. Baba yako anayo, nawe hulali. Waambie na habari ya mgongo. Ukijiona unaamka huna haja ya chakula, au unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, mwambie muuguzi papo hapo kwa maneno hayo hayo, usiyafiche nyuma ya neno "nimechoka".

Mume wako huja mara moja kwa mwezi, umesema. Mpigie wewe, usiku wa leo, umsomee barua uliyoniandikia mimi. Sidhani kama anayajua haya.

Kisha niandikie baada ya wiki mbili. Nambie kidonda kimefika upana gani, pima kwa sarafu ile ile, na nambie baba aliminya mara ngapi ulipomuuliza.